Mwezi wa Gatongora

Gatongora, Ruiru
Jumapili, 24 Agosti 2025

Mama Tabby,

Habari ya tangu arusi? Mimi ni mzima, isipokuwa kidole gumba cha kushoto, ambacho nilikipiga nyundo juzi nikifikiria mambo mengine. Mambo yenyewe utayaona hapa chini.

Ulisema nikitaka kuzungumza nawe niandike barua, kwa sababu simu yako hukaa juu ya meza ya cherehani na kila mzazi anayengojea sare ya mtoto huisoma, na asiposoma yeye husoma binti yako. Nimetii. Tangu nitoke shule sijaandika kitu kirefu kuliko vipimo vya geti, kwa hiyo ukikuta mahali nimeandika futi nane kwa sita, ruka uendelee. Barua italetwa na dereva wa gari la mkate, ambaye hutoka huko kwenu Thika asubuhi na kurudi mchana. Nilimtengenezea mlango wa gari, naye anasema barua si mzigo. Ikinukia mkate, usidhani nimetia marashi.

Sasa kuhusu darubini. Kaka yako Mutinda alicheka pale mezani niliposema nina darubini ya kutazamia mwezi. Ninayo. Niliipata huko kwenu sokoni, kwa muuza mitumba aliyekuwa ameitundika katikati ya makoti akidhani ni kipande cha bomba. Haikuwa na miguu. Nimeifanyia stendi ya vyuma vya geti, na stendi hiyo, Mama Tabby, hata ng'ombe akiiegemea ataondoka yeye.

Redio imesema kwamba Jumapili ya tarehe saba Septemba mwezi utapatwa, mzima mzima, jioni watu wakiwa bado mezani. Nitaupiga picha kutoka uani kwangu. Nilianza kukueleza haya kule Theta siku ya arusi, lakini wakaleta keki.

La mwisho ndilo la kwanza. Tangu mke wangu afariki nimekula ugali wa peke yangu, na sikuwahi kuona ubaya wake mpaka nilipokaa karibu nawe siku ile. Ningependa kuja na wazee wangu tuonane na kaka yako. Sema lini.

Njau Chege
Fundi wa Mageti


Makongeni, Thika
Alhamisi, 28 Agosti 2025

Baba Shiko,

Barua imefika na kweli imenukia mkate. Niliisoma nikiwa nimeificha ndani ya kaptura ya shule, na Tabby akaniuliza kaptura ina nini cha kuchekesha.

Una haraka kama mtu aliyeacha chungu motoni. Mimi nitakujibu polepole.

Wanaume wawili kabla yako wameniahidi mwezi na nyota. Wewe ni wa kwanza kusema una vifaa. Hilo limenifurahisha, sitaficha.

Lakini nikueleze jambo moja ili unijue. Marehemu mume wangu, Mutie, alikuwa mtu mzuri, mcheshi, hakuwahi kuniinulia mkono. Alikuwa na shamba Theta. Kila tulipopita barabara ile alinyoosha kidole: lile pale, nyuma ya ile miti, ndilo letu. Nilikwisha kupanga mahali pa nyumba, mahali pa kuku na mahali pa choo. Baada ya mazishi nikaenda kwa miguu mpaka nyuma ya miti, nikakuta mahindi ya mtu mwingine, na mwenyewe yumo ndani akipalilia. Akaniuliza kama nimepotea. Siku ya arusi niliiona miti hiyo kutoka kwenye hema. Ndiyo sababu hukuniona nikila keki.

Kwa hiyo sitaki tena kuonyeshwa kitu kwa mbali. Ukisema utaupiga picha mwezi, upige, niushike mkononi. Nami Jumapili inayofuata, tarehe kumi na nne, nitawaita akina mama wa kanisa na kaka yangu kwa chai, tuutazame pamoja. Mutinda ndiye amekaa mahali pa baba yetu. Asipokubali, hakuna mbuzi wa ntheo, wale watatu wa posa, atakayepokelewa katika nyumba hii, na bila mbuzi hao watatu, sisi Wakamba tunakuhesabu mpita njia. Alifanya kazi ya taa za barabarani mpaka akastaafu, basi humtazama kila mtu kama balbu ambayo huenda imeungua. Usichukulie vibaya.

Na usiniletee picha ya kutoa kwenye mtandao. Za namna hiyo Tabby anazo tele.

Syombua


Gatongora
Jumanne, 2 Septemba 2025

Mama Tabby,

Nilisoma habari ya shamba la Theta, nikaweka barua chini, nikaenda kukata vyuma vya mteja bila kupima. Pole sana. Kwangu hutaonyeshwa kitu kwa kidole.

Maandalizi yanaendelea. Simu unaifunga pale unapochungulia, halafu simu ndiyo inayotazama badala ya jicho. Mkono wa binadamu hutetemeka, kwa hiyo nimetengeneza kishikio kwa bawaba za dirisha. Jana nilijaribu nikapata mwezi safi, ila ulikuwa kichwa chini. Usishtuke, darubini ndivyo zilivyo. Utageuza picha.

Shida ya kwanza ilikuwa jirani yangu Warigia, anayefuga kuku upande wa pili wa ua.

"Njau," akaniita, "hiyo bomba yako inaangalia mwezi ama inaangalia bafu yangu?"

"Inaangalia mwezi, mama."

"Mwezi uko juu. Hiyo imelala."

"Imelala kwa sababu ni mchana."

Hakuridhika. Alienda akamleta mzee wa nyumba kumi, Ndegwa, aje anikanye. Nikamwomba Ndegwa angoje jioni ajionee mwenyewe. Akachungulia, kisha akasema, "Haiya. Kumbe iko na mashimo." Sasa huja kila jioni na kiti chake, na Warigia hana wa kumshtakia.

Shida ya pili ni mulika mwizi, ile taa ndefu ya pale steji ya matatu. Huwaka kama jua la saa sita na kuharibu giza la uani kwangu. Nimenunua turubai nitakalojifunika mimi na darubini. Pia naomba Mungu stima ipotee jioni hiyo, taa zote zizimike. Watu wa Gatongora wakijua ninaomba hivyo watanichoma.

Je, unapenda picha kubwa au ndogo?

Njau


Makongeni
Ijumaa, 5 Septemba 2025

Baba Shiko,

Kubwa.

Nimekutumia kofia ya sufu, nimeifuma mwenyewe, vaa ukiwa nje. Baridi ya mwezi huu haina adabu. Rangi si ya shule yoyote, nilikagua.

Nimemweleza Mutinda. Alisema, "Tutaona." Mutinda hasemi "tutaona" kwa mtu ambaye hataki kumwona, kwa hiyo upo mahali pazuri. Usipaharibu. Nimewaambia akina mama pia, na mwenyekiti wetu Naliaka amekwisha kuagiza maandazi. Mimi nami nitautazama mwezi huo kutoka huku, ili tuwe tumetazama kitu kimoja.

Hapo juu nimeandika zaidi ya nilivyokusudia, lakini wino ni wino.

Syombua


Gatongora
Jumatatu, 8 Septemba 2025

Mama Tabby,

Nimeupata.

Nakuandikia kofia yako ikiwa bado kichwani. Kaa nikueleze yote.

Jioni mwezi ulitokea juu ya mabati kule upande wa steji, mkubwa, mwekundu kidogo kwa vumbi. Nikaelekeza darubini, nikaupata katikati kabisa. Ndegwa naye akafika na kiti chake, akaketi, mguu wa kiti ukagonga mguu wa stendi, mwezi ukaruka. Nikaupata tena. Mbwa wa Warigia akapita chini, mwezi ukaruka tena. Hapo nikasema hapana, kazi ya fundi haichezewi. Nikawasha mashine ya kuchomelea, nikaipiga ile shingo ya stendi moto sehemu mbili, chap chap. Ikakaa. Ungeweza kuifungia punda.

Mara wingu likafunika kila kitu. Nikaingia chini ya turubai nikangoja. Halafu, Mama Tabby, kabla hata sijatazama simu, maombi yangu yakajibiwa: stima ikapotea mtaa mzima. Ndegwa akasema hawezi kukaa gizani na mtu aliyejifunika turubai, akaenda kula. Nikabaki peke yangu, nikitazama kioo cha simu, cheusi tititi. Nilikaa hapo mpaka magoti yakasahau kwamba ni yangu. Niliwaza juu yako, na juu ya wazee wangu ambao wamekwisha kupiga pasi makoti.

Ghafla mtaa wote ukapiga kelele. Watoto, watu wazima, wote wakishangilia. Sijawahi kusikia watu wa Gatongora wakishangilia kitu cha mbinguni namna hiyo. Nikajua wingu limefunguka. Natazama kwenye simu, na huyo hapo: duara jekundu, jekundu kama mkaa unaoanza kushika moto. Sikutoa hata kichwa nje ya turubai, nisije nikatikisa kitu. Nikapiga picha. Polepole likawa la machungwa, likawa la manjano, mpaka likang'aa jeupe, vilevile redio ilivyosema, mwezi ukitoka kivulini. Picha tano. Nililia kidogo, na sioni haya kukuambia.

Leo asubuhi nimezichapisha kubwa. Ziko kwenye bahasha hii, nimezifunga kwa mbao nyembamba zisikunjike. Hakuna kidole kilichonyooshwa hapa. Shika mkononi.

Njau


Makongeni
Alhamisi, 11 Septemba 2025

Baba Shiko,

Nimezishika mkononi. Nilifunga mlango wa duka ili nizitazame peke yangu, na mteja akagonga mpaka akachoka akaenda. Tangu niwe mjane hakuna mtu aliyeniambia atafanya kitu kisha kikaja kwenye bahasha. Nimefurahi sana, na nataka ujue hivyo kabla sijaendelea.

Nimezitundika ukutani juu ya cherehani. Watu wanaingia kuulizia sare wanatoka wakiongea juu ya mwezi.

Mambo mawili tu. Kwanza, katika picha ya nne kuna kitu cheusi ukingoni, kina kichwa na mkia. Naliaka anasema ni njiwa na ni ishara. Mimi nimeona kama kunguru. Ni nini hicho?

Pili, jirani yangu Yahya, anayeuza vitambaa, aliuona mwezi wenyewe usiku ule. Msikitini kwao mwezi ukipatwa huswali, na walipotoka nje wingu lilikuwa limepasuka. Asema mwangaza ulirudi ukianzia ukingoni, kama chapati inayofunuliwa taratibu kutoka chini ya sahani. Akatazama picha zako akakuna kidevu. "Mama Tabby," akasema, "huu mwezi wako umewaka wote pamoja, kama jiko la stima." Simlaumu, ni mtu wa haki, lakini nilitaka nikuulize kabla ya Jumapili.

Mimi mwenyewe siwezi kumbishia kwa sababu, na hili usimwambie mtu, sikuona chochote. Niliweka miguu kwenye karai la maji ya moto ningoje saa ifike, nikalala hapohapo kwenye kiti. Nilipoamka maji yalikuwa baridi na mwezi ulikuwa mwezi tu. Akina mama nimewaambia niliona yote.

Syombua


Gatongora
Ijumaa, 12 Septemba 2025

Mama Tabby,

Siri yako ya karai iko salama kwangu.

Hicho cheusi ni mlima. Mwezini kuna milima mirefu kuliko Mlima Kenya, na mwanga ukiupiga kwa ubavu, kivuli chake hufanana na kitu chochote, hata ndege. Wataalamu wanaujua sana. Ungekuwa ni ndege ungeruka.

Kuhusu Yahya, mpe salamu na heshima zangu. Yeye alitazama kwa macho matupu na mimi nilitazama kwa darubini. Kitu kikiwa mbali waona ukingo wake, kikiwa karibu unakiona chote. Tena Ruiru si Thika.

Waambie hivyo Jumapili. Nitakuwa hapa nikingoja, na chai nitaisikia kooni.

Njau


Gatongora
Jumapili, 14 Septemba 2025, jioni

Mama Tabby,

Barua hii ingekufikia leo kabla ya chai kama gari la mkate lingekuwa na mabawa. Isome ukiwa umeketi.

Jana jioni stima ilipotea tena. Nilikuwa uani nikitafuta koleo. Darubini ilikuwa palepale nilipoiacha Jumapili ile, maana nilikuwa nimeichomelea, na simu nilikuwa nimeifunga ili Ndegwa aone jinsi nilivyofanya. Mtaa ukawa giza. Halafu stima ikarudi, na watoto wote wakashangilia, kelele ileile. Ndegwa akasema, "Njau, mwezi wako huu hapa."

Nikatazama simu. Duara jekundu kama mkaa. Likawa la machungwa. Likawa la manjano. Nikatoa macho kwenye simu nikatazama juu, jambo ambalo ningelifanya siku ileile kama ningekuwa na akili. Mwezi haukuwa umetoka. Juu ya mabati kulikuwa na mulika mwizi ya steji ikiamka polepole, na juu yake kunguru.

Mwezi hutembea, Mama Tabby. Hilo nalijua na kila mtoto analijua. Lakini nimefanya mageti maisha yangu yote, na geti zuri ni lile lililokaa mahali pake, kwa hiyo niliuchomelea mwezi. Ukaondoka ukaenda zake nyuma ya wingu, nami nikabaki nimeelekeza darubini kwenye taa, ambayo nilipochomelea ilikuwa bado haijawashwa.

Nimekutumia picha tano za taa. Na mlima niliutunga. Sikujua kile cheusi ni nini, nikaona haya kusema sijui, hasa mbele ya Yahya. Taa ilinidanganya, lakini mlima nilikudanganya mimi, na ulikuwa umekwisha kuniambia habari ya Theta.

Leo mchana nilipiga simu kabla ya chai ili nikuzuie. Alipokea Tabby. Akasema, "Mum, ni Baba Shiko, wacha nimweke kwenye spika," na nikasikia akina mama wote wakinipigia makofi. Nilijaribu, Mungu ni shahidi. Nikasema asante, nikakata.

Kofia nitaipeleka kwa dereva ukitaka irudi. Nisamehe kwa kukuaibisha.

Njau


Makongeni
Jumatatu, 15 Septemba 2025, asubuhi

Baba Shiko,

Naandika mbiombio, dereva amewasha gari.

Ungekuwepo. Walikuja wote, hata waliosema hawaji. Naliaka aliombea picha moja moja. Uliposema "asante" kwenye simu na kukata, wote walisema huyo ni mwanamume asiyejisifu, nami nikanyamaza kwa sababu nimesoma barua zako.

Yahya na mke wake Sumeya walikuja pia, na Sumeya akatoa simu yake akaonyesha picha aliyopiga nje ya msikiti. Mwezi ulikuwa mdogo kama punje ya mahindi, umekatwa upande. Watu wakatazama picha yake, wakatazama zako. Basi nikasimama. Nikawaeleza habari ya mlima na ya kitu cha karibu na cha mbali, neno kwa neno. Sijawahi kumtetea mtu hivyo mbele za watu, Baba Shiko. Na sikuona haya.

Mutinda alivaa miwani akazitazama zote tano kwa zamu. Aliikaribia ile ya nne mpaka pua ikagusa. Akaniuliza, "Huyu bwana amesema hii ni mlima?" Nikasema ndiyo. Akavua miwani, akaifuta, akakaa anakunywa chai mabega yakimtetemeka, nadhani ni baridi. Halafu akasema, "Aje. Tarehe tano Oktoba. Nataka kumwona huyu mtu."

Amekubali. Umesikia? Amekubali.

Syombua


Gatongora
Alhamisi, 18 Septemba 2025

Mama Tabby,

Barua yako ya furaha na yangu ya aibu zilipishana kwenye gari moja. Yako niliisoma mara moja, sikuweza mara ya pili.

Dereva anasema yangu alikupa mkononi Jumatatu mchana, na kwamba uliisoma ukiwa umesimama mlangoni, ukaikunja, ukamwambia hakuna jibu. Jana pia hakukuwa na jibu. Leo ameniletea mkate tu.

Nimekata ile shingo ya stendi kwa msumeno. Wazee wangu nimewaambia wangoje. Sikuombi kitu. Nataka tu ujue kwamba pale uliposimama kunitetea, ningetoa darubini na duka na mashine zote ili uwe ulikuwa ukisema kweli.

Njau


Makongeni
Jumatatu, 22 Septemba 2025

Njau,

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikasirika, na mtu aliyekasirika asishike makasi. Mimi nilishika. Kuna shule moja hapa Thika ambayo watoto wake watatu wana kola za upande mmoja.

Sikukasirika kwa ajili ya taa. Taa ulikosea, na kosa lenyewe nimelicheka kitandani mpaka Tabby akaja kuuliza kama naumwa. Mtu kuuchomelea mwezi. Nilikasirika kwa ajili ya mlima. Nilisimama nikausema mlima ule mbele ya watu ishirini, na wewe ulikuwa umeutunga kama Mutie alivyotunga shamba.

Wiki nzima nimekaa na barua yako nikitafuta mahali inapofanana na Mutie. Yeye alipita barabara ileile miaka yote akinyoosha kidole kilekile, akafa hajasema. Wewe ulipojua hukungoja hata siku mbili. Uliandika, na ulijua itakugharimu nini. Nimetafuta sana, Njau, na sikupaona mahali hapo.

Basi Jumamosi nikaenda kwa Mutinda. Nilikuwa nimeamua nimsomee barua mwenyewe, nimesimama, hata kama atasema mbuzi wasije. Nilipofika kwenye habari ya mulika mwizi mabega yakaanza kumtetemeka tena, na safari hii hakukuwa na baridi.

"Nilijua tangu chai," akasema. "Balbu ikiwa mzee ikirudi baada ya stima kupotea, inaanza nyekundu hivyo. Nimepanda milingoti yake maisha yangu yote, hao kunguru wananijua. Utaniambia nini juu ya taa?"

"Na mbona ulikubali aje?"

"Nilitaka nione kama atasema mwenyewe. Asingesema, angekuja tarehe tano, tungempa chai, na mimi ningemwuliza urefu wa huo mlima. Halafu angerudi Ruiru na mbuzi wake." Akajifuta macho. "Sasa wacha aje. Lakini mwambie mbuzi wawe wa kweli, wasiwe wa darubini."

Akina mama nimewaambia ukweli jana baada ya ibada, nikaongeza na wa kwangu, ule wa karai, maana haikuwa haki uaibike peke yako. Walinicheka mimi kuliko walivyokucheka wewe. Naliaka amesema njiwa ni njiwa hata akiwa juu ya taa, na hilo hatutaki kulijadili. Yahya hakusema kitu. Alinipunguzia bei ya kitambaa, na kwa Yahya hiyo ni hotuba.

Picha bado ziko ukutani. Nimeandika chini yake "Taa ya Gatongora." Watu bado wanaingia wakisema mwezi mzuri.

Njoo tarehe tano na wazee wako. Kofia usirudishe, uje umeivaa. Tabby ameuliza redio kwa njia zake akaambiwa kwamba mwezi mwingine wa kupatwa mzima jioni hivi, wa sisi huku kuuona, ni jioni ya mwisho ya mwaka 2028. Hapa uani kwangu hakuna mulika mwizi. Utaleta darubini, nami nitaweka viti viwili, na turubai utaliacha Gatongora. Nikilala, uniamshe.

Na stendi usiichomelee. Mimi mwenyewe nimekaa mahali pamoja muda mrefu, nikitazama ile miti ya Theta, na ndiyo kwanza nimeanza kusogea.

Syombua wako